Posti yako imefutwa: namna ya kuandika rufaa inayosikilizwa

Rufaa nyingi za mitandaoni zinakufa kwa kosa moja. Mwenye posti anatetea uhuru wake wa kutoa maoni, ilhali anayepitia rufaa ameulizwa swali dogo zaidi: je, posti hii imevunja kifungu hiki cha kanuni, ndiyo au hapana? Hana mamlaka ya kuamua kama kanuni yenyewe ni ya haki. Ana posti yako, ana orodha ya vifungu, na nyuma yako kuna foleni ndefu. Ukimpa sababu inayogusa kifungu, anaweza kukurudishia posti. Ukimpa hotuba, hana pa kuiweka.

Hoja ya uhuru ina mahali pake, na tutafika huko. Ila ieleweke mapema kwamba kampuni ya mtandao si serikali. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaikataza serikali kunyamazisha watu. Hayaikatazi kampuni binafsi kufuta posti kwenye jukwaa lake. Kifungu cha 230 cha sheria ya Marekani ya 1996 kinakwenda mbali zaidi: kinaikinga kampuni isishtakiwe kwa sehemu kubwa ya yale wanayoandika watumiaji, na kinaikinga pia inapoyaondoa kwa nia njema. Kilichobaki mkononi mwako ni masharti uliyoyakubali siku ulipofungua akaunti, na masharti hupiganiwa kwa maneno yaliyoandikwa ndani yake.

Jua kwanza umefanywa nini

Watu husema "wamenifungia" kwa mambo tofauti kabisa. Posti inaweza kuondolewa kwa wote. Inaweza kuzuiwa katika nchi moja tu kwa sababu ya sheria ya nchi hiyo, huku kwingine ikionekana kama kawaida. Inaweza kubaki lakini ikafunikwa kwa onyo au ikawekewa kikomo cha umri. Inaweza kubaki bila alama yoyote lakini isipendekezwe kwa wasiokufuata. Wewe mwenyewe unaweza kuzuiwa kuposti au kwenda mubashara kwa siku kadhaa. Au akaunti nzima imesimamishwa. Kila hali ina njia yake, na ukitumia fomu ya posti kulalamikia akaunti, rufaa yako itakaa tu.

Anza ndani ya programu yenyewe. Facebook na Instagram zina sehemu ya hali ya akaunti kwenye mipangilio. Hapo utaona kilichoondolewa, kanuni iliyotajwa, na vizuizi vilivyopo. Tangu Desemba 2022, Instagram huwaonyesha wenye akaunti za kitaaluma kama maudhui yao yanaruhusiwa kupendekezwa kwa wasiowafuata. YouTube huweka onyo na straiki, yaani alama ya kosa inayohesabiwa kwenye chaneli, ndani ya YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli. X (zamani Twitter) huweka ujumbe mahali posti ilipokuwa, na kama imezuiwa kwa agizo la kisheria, ujumbe hutaja nchi.

Kuhusu kufichwa kimyakimya, kuwa mwangalifu kabla ya kulalamika. Watazamaji kupungua ghafla si ushahidi. Mara nyingi mfumo wa mapendekezo umebadilika, au posti haikuvutia. Jipime hivi: fungua ukurasa wako ukiwa umetoka kwenye akaunti, tafuta jina lako kwa akaunti isiyokufuata, kisha mwombe mtu mwingine afanye hivyo kwa simu yake na kutoka mtandao mwingine. Ukionekana kote, huna kesi. Usipoonekana kwenye utafutaji lakini ukurasa unafunguka kwa kiungo cha moja kwa moja, umepunguziwa usambazaji. Piga picha ya matokeo yote, ukihakikisha tarehe na saa zinaonekana.

Kabla ya kubonyeza chochote

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Taarifa ya kufutwa huja na vitufe viwili au vitatu, na mwenye hasira hubonyeza cha kwanza anachokiona.

Piga picha ya skrini ya taarifa nzima: kanuni iliyotajwa, tarehe, saa, na namba ya kumbukumbu kama ipo. Hifadhi maneno ya posti kama maandishi, si picha pekee, kwa sababu utahitaji kuyanukuu. Hifadhi faili asilia la picha au video. Lililohifadhiwa kutoka mtandaoni limeshabanwa na limepoteza tarehe yake. Nakili kiungo cha posti hata kama hakifunguki tena, maana ndani yake mna namba ambayo kampuni huitambua. Kama posti ilikuwa jibu kwa posti nyingine, hifadhi na ile nyingine. Bila hiyo, jibu lako litasomeka kama shambulio lililotoka hewani.

Usifute posti ukidhani adhabu itafutika nayo. YouTube inasema wazi kuwa kufuta video hakuondoi straiki. Kwenye X, akaunti iliyofungwa kwa sababu ya posti hukupa njia mbili: kuiondoa posti hiyo au kukata rufaa. Ukiiondoa, unahesabiwa umekubali kuvunja kanuni. Ukikata rufaa, akaunti hubaki imefungwa hadi uamuzi utoke. Kwa hiyo jiulize kipi kina thamani zaidi kwako, posti hiyo au siku chache za kutumia akaunti, halafu ndipo uguse kitufe.

Usiiposti tena ileile "kuwaonyesha". Picha iliyoondolewa inaweza kuwa imeshachukuliwa alama yake ya kidijitali, na nakala yoyote itakayopandishwa itakamatwa bila mtu kuitazama. Utapata adhabu ya pili juu ya ile unayotaka kuipinga, na ya pili itakuwa na uzito zaidi. Wala usiwaombe wafuasi waripoti kwa niaba yako au wamwandikie mfanyakazi wa kampuni kwa wingi. Huo wenyewe ni uvunjaji wa kanuni kwenye majukwaa mengi.

Nani ameishika posti yako

Jibu la swali hili linabadilisha namna ya kuandika rufaa. Wahusika wakubwa ni wanne.

Wa kwanza ni mashine inayolinganisha. Microsoft ilitoa PhotoDNA mwaka 2009 ili kutambua picha za unyanyasaji wa watoto ambazo tayari zinajulikana, na leo mbinu ya namna hiyo inatumika kwa mambo mengi mengine. Haisomi maana. Inauliza tu kama faili hili linafanana na lililomo kwenye hifadhi yake. Kama mtu aliingiza picha isiyo na hatia kwenye hifadhi, kila atakayeiposti ataadhibiwa. Ndivyo ilivyotokea kwa katuni ya kukosoa ukatili wa polisi nchini Colombia: iliingizwa kimakosa kwenye hifadhi ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, na posti ya mtu mmoja ikaondolewa miezi 16 baada ya kuwekwa. Bodi ya Usimamizi ya Meta, chombo huru kinachopitia maamuzi yake ya maudhui, iliamua shauri hilo Septemba 2022 na kueleza kwamba watu 215 walikuwa wamekata rufaa kwa kuondolewa kwa katuni hiyo na asilimia 98 yao walishinda, lakini picha iliendelea kubaki kwenye hifadhi. Funzo kwa mwandika rufaa: kama posti ya zamani imeondolewa ghafla bila mtu kuigusa, andika kwamba unashuku ulinganishaji, na uombe picha yenyewe ikaguliwe, si posti yako tu.

Wa pili ni mashine inayokisia. Hii imefundishwa kwa mifano, na hukadiria uwezekano kwamba posti ni chuki, uchi au vurugu. Hukosea zaidi pale muktadha unapobeba maana. Mwaka 2020 Instagram iliondoa posti ya mwanamke wa Brazil iliyoeleza dalili za saratani ya matiti, ingawa kanuni zenyewe ziliruhusu picha kama hizo kwa uhamasishaji wa afya. Bodi ilipoichagua kesi, Meta iliirudisha posti. Uamuzi ulitoka Januari 2021 na ukasisitiza haja ya binadamu kuangalia.

Kwa wanaoandika Kiswahili mashine hii ina tatizo la ziada: mifano iliyofundishiwa ni michache kuliko ya Kiingereza, na lugha yetu ya utani imejaa damu. "Tumewachinja tatu bila" ni matokeo ya mpira. "Huyu dada ameua leo" ni sifa ya mavazi. Mkaguzi naye anaweza kuwa anasoma tafsiri ya mashine, ambapo uchinjaji unabaki uchinjaji.

Wa tatu ni mtu aliyeripoti. Ripoti nyingi hazifuti posti kwa wingi wake peke yake, lakini zinaisogeza mbele kwenye foleni na kuiweka machoni pa mkaguzi mwenye sekunde chache. Hapa muktadha mfupi ulio wazi unasaidia sana.

Wa nne ni mwenye madai ya kisheria, yaani serikali, mahakama au mwenye hakimiliki. Kwake rufaa ya kawaida haina nguvu, kwa sababu kampuni haikusema umevunja kanuni zake. Tafuta kama agizo limechapishwa kwenye hifadhi ya Lumen, inayoendeshwa katika Chuo Kikuu cha Harvard na kupokea nakala za maombi ya kuondoa maudhui kutoka kampuni kadhaa, Google ikiwemo. Ukilipata, utajua nani aliomba na kwa sheria ipi. Kupinga kwake ni kazi ya wakili.

Soma kifungu hadi mwisho

Taarifa ya kufutwa hutaja jina la kanuni tu, kwa mfano "matamshi ya chuki". Nenda kwenye ukurasa kamili wa kanuni hiyo. Ukurasa huo kwa kawaida una sehemu tatu: maelezo ya jumla, orodha ya yanayokatazwa, na yale yanayoruhusiwa au yanayohitaji muktadha. Wengi huishia ya kwanza. Ushindi umelala kwenye ya tatu.

Karibu kila jukwaa kubwa lina misamaha kwa habari, elimu, sanaa, tashtiti, kulaani, au maslahi ya umma. Meta huruhusu kunukuu matamshi ya chuki ili kuyalaani au kuamsha watu, mradi nia iwe wazi. Isipokuwa wazi, inaweza kuondoa. YouTube huzingatia kama video ni ya elimu, makala ya kweli, sayansi au sanaa, na kwa maudhui mazito hutaka muktadha uwe ndani ya picha au sauti ya video yenyewe. Maelezo uliyoyaandika chini ya video yanaweza yasitoshe. Ndiyo maana video ya ukatili iliyopandishwa kavu, na maneno marefu ya kulaani chini yake, hufutwa huku mwenyewe akishangaa.

Soma pia tafsiri za maneno ndani ya kanuni. "Tishio" lina maana yake, "kundi linalolindwa" lina orodha yake. Kukosoa dini, itikadi au taasisi kwa kawaida si sawa na kuwashambulia waumini wake, na kanuni nyingi hutofautisha hayo mawili. Kama ulishambulia fikra na umehukumiwa kwa kushambulia watu, rufaa yako nzima ni hiyo.

Na kama baada ya kusoma unaona wazi kuwa kifungu kimekushika, okoa nguvu. Rufaa dhaifu haina faida, na YouTube, kwa mfano, inakuruhusu kukata rufaa mara moja tu kwa kila straiki. Hariri maudhui, ongeza muktadha, uweke upya yakiwa safi baada ya adhabu kuisha.

Kuandika rufaa yenyewe

Fomu nyingi zina nafasi ndogo, na baadhi hazina nafasi kabisa. Zinakupa chaguo tu, kama "nililaani" au "ni utani". Chagua kwa uaminifu, maana chaguo linaelekeza nani atasoma na kwa jicho gani. Penye nafasi ya kuandika, maneno 60 hadi 100 yanatosha. Mfano wa rufaa iliyokaa sawa:

"Posti hii ya tarehe 3 Machi imeondolewa chini ya kanuni ya matamshi ya chuki. Sentensi ya pili ina tusi dhidi ya kundi la watu, lakini imo ndani ya alama za kunukuu: ni kauli ya mtu mwingine ambayo posti inailaani. Sentensi ya kwanza inasema 'kauli hii ni ya aibu', na ya tatu inawaomba wasomaji waripoti kauli hiyo. Kanuni yenu inaruhusu kunukuu matamshi ya chuki kwa lengo la kuyalaani. Naomba posti irudishwe na adhabu kwenye akaunti iondolewe."

Angalia kilichomo. Kifungu kimetajwa kwa jina lake. Sehemu yenye utata imekubaliwa badala ya kufichwa, kwa sababu mkaguzi ataiona tu, na ukijifanya haipo unapoteza imani yake. Ushahidi umechukuliwa kutoka ndani ya posti yenyewe, kwa kutaja sentensi ya ngapi. Msamaha wa kanuni umetajwa. Ombi ni mawili, posti na adhabu, kwa kuwa vinaweza kushughulikiwa mbalimbali. Watu hurudishiwa posti na kusahau kuangalia kama straiki imeondoka.

Kisichomo kina umuhimu uleule. Hakuna idadi ya wafuasi, hakuna miaka uliyokaa kwenye mtandao, hakuna "wengine wanafanya mabaya zaidi". Mkaguzi hana posti za wengine mbele yake. Hakuna kumtuhumu mkaguzi kuwa amenunuliwa.

Kwa maneno ya Kiswahili yanayoweza kusomwa vibaya, weka ufafanuzi mmoja wa kueleweka: "'Kuchinja' hapa ni lugha ya mashabiki, maana yake ni kushinda mechi, posti iliwekwa dakika chache baada ya mchezo kuisha na ina picha ya ubao wa matokeo." Kiini cha sentensi hiyo ni ushahidi wa nje: muda na picha. Tafsiri yako peke yako ni dai tu. Andika kwa lugha unayoimudu vizuri kuliko zote. Kama ni Kiswahili, tumia sentensi fupi, jina kamili la kila unayemtaja, na epuka methali, kwa kuwa huenda zikapita kwenye tafsiri ya mashine kabla ya kumfikia msomaji. Njia rahisi ya kujipima: pitisha rufaa yako kwenye programu ya tafsiri, kisha irudishe kwenye Kiswahili. Palipopotoka, andika upya.

Kwa tuhuma za uchochezi au chuki, kuna kipimo kinachofaa kukipanga kichwani kabla ya kuandika. Mpango wa Rabat, uliotokana na warsha za Umoja wa Mataifa na kukamilishwa mwaka 2012, unataka mambo sita yaangaliwe: muktadha wa kijamii, hadhi ya msemaji, nia yake, maudhui na umbo la kauli, upana wa usambaaji, na uwezekano wa madhara kutokea. Chagua mawili yaliyo upande wako. Akaunti ya watu wachache ikifanya mzaha katika hali tulivu ina hoja kwenye usambaaji na uwezekano wa madhara. Kiongozi mwenye mamilioni ya wafuasi wakati wa ghasia hana.

Muda na hesabu ya adhabu

Usikawie, lakini usikimbie pia. Usiku mmoja wa kutuliza hasira huandika rufaa bora. YouTube inatoa siku 90 kupinga onyo au straiki, na hadi mwaka mmoja kwa chaneli iliyofungwa. Akaunti ya Facebook au Instagram iliyosimamishwa ina siku 180 za kuomba ikaguliwe. Zikipita, inafungwa moja kwa moja.

Adhabu nazo zina umri. Kwenye YouTube kosa la kwanza kwa kawaida huleta onyo. Straiki ya kwanza inazuia kupandisha video kwa wiki moja, ya pili ndani ya siku 90 tangu ile ya kwanza inazuia wiki mbili, ya tatu ndani ya siku hizohizo inafunga chaneli. Facebook, kwa utaratibu iliotangaza Februari 2023, huanza na onyo, kisha vizuizi vya muda kwa baadhi ya huduma hadi kosa la 6. Kosa la 7 ni siku 1 ya kutoposti, la 8 ni siku 3, la 9 ni siku 7, na kuanzia la 10 ni siku 30. Makosa hayo huisha nguvu baada ya mwaka. TikTok huyafuta kwenye hesabu baada ya siku 90. Makosa mazito, kama unyanyasaji wa watoto, hayafuati ngazi hizi; akaunti hufungwa papo hapo.

Hesabu hii ndiyo inayokuambia kama rufaa ni ya lazima. Ukiwa na straiki mbili za YouTube na siku 60 zimebaki kabla hazijaisha nguvu, hata video usiyoijali inastahili kupiganiwa.

Hakimiliki ni mlango mwingine kabisa

Usichanganye dai la Content ID na ombi rasmi la kuondoa video. Content ID ni ulinganishaji wa YouTube ulioanza 2007. Kwa kawaida video hubaki, ila mapato au takwimu huenda kwa mwenye wimbo, na haiweki straiki. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Akikataa, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7. Akiendelea kushikilia, anaweza kutuma ombi rasmi la kuiondoa video, nawe unapata straiki ya hakimiliki. Kwa hiyo usipande ngazi hiyo kwa ubishi tu.

Ombi rasmi hufuata sheria ya Marekani ya 1998 inayojulikana kwa kifupi DMCA. Jibu lake ni taarifa ya kupinga, na hii ni hati ya kisheria: unatoa jina halisi, anwani na simu, unaapa kwamba kazi iliondolewa kimakosa, na unakubali mamlaka ya mahakama. Mdai akishindwa kufungua kesi, kazi hurejeshwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Hatari yake iko hapa: taarifa zako zinapelekwa kwa mdai. Wapo wanaotuma madai ya uongo ya hakimiliki kwa sababu hiyo hasa, kujua nani yuko nyuma ya akaunti isiyo na jina. Kama usalama wako unategemea kutojulikana, zungumza na wakili kwanza, au mwombe mdai aliondoe dai mwenyewe. Mara nyingi ujumbe mmoja wa heshima unaoeleza sekunde ngapi zimetumika na kwa kusudi gani humaliza jambo.

Rufaa ya kwanza ikikataliwa

Kwa Facebook, Instagram na Threads kuna Bodi ya Usimamizi, iliyotoa maamuzi yake ya kwanza Januari 2021. Unahitaji namba ya kumbukumbu inayotoka kwenye uamuzi wa mwisho wa Meta, na una siku 15 tangu uamuzi huo. Bodi huchagua kesi chache sana kati ya zinazoletwa, huamua ndani ya siku 90, na uamuzi wake kuhusu posti yenyewe unaifunga Meta, itekeleze ndani ya siku 7. Hata hivyo peleka. Kesi ikiorodheshwa tu, Meta huiangalia tena, na mara nyingi hugundua kosa na kuirudisha posti kabla ya Bodi kuandika neno.

Hapa sasa ndipo hoja ya uhuru inapokaa. Bodi hupima kwa viwango vya haki za binadamu, hasa Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Vipimo ni vitatu: kanuni iwe imeandikwa wazi kiasi cha mtu kuifuata, lengo liwe halali, na hatua iwe ya lazima na isiyozidi kiasi. Kipimo cha tatu ndicho kinachobeba kesi nyingi: kama onyo la skrini lingetosha, kwa nini posti ilifutwa? Eleza pia kwa nini kesi yako inagusa wengi, kwa mfano neno la kawaida la lugha yenu linalofutwa kila mara. Bodi inatafuta kesi zinazofundisha kitu.

Anayeishi katika nchi za Umoja wa Ulaya ana nguvu zaidi. Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu 17 Februari 2024, inalazimisha jukwaa kukueleza sababu, kusema kama mashine ilitumika, na kupokea malalamiko bure kwa angalau miezi sita. Uamuzi wa malalamiko hayo hauruhusiwi kutolewa na mashine peke yake. Baada ya hapo unaweza kwenda kwa chombo huru kilichoidhinishwa cha usuluhishi. Uamuzi wake hauifungi kampuni, ila kampuni inatakiwa kushiriki kwa nia njema. Mahali penye chombo cha namna hii, kitumie kabla ya mahakama.

Akaunti nzima ikisimamishwa

Utaratibu hapa huanza na kuthibitisha wewe ni nani. Picha ya kitambulisho ionyeshe pembe zote nne, isiwe na mng'ao wa taa, na jina lilingane na la akaunti. Kama ulitumia jina la kazi, ambatisha hati inayounganisha majina hayo mawili. Wengi hukataliwa kwa picha yenye ukungu kisha wanadhani ni siasa.

Fikiria pia kama akaunti ilidukuliwa kabla ya kufungwa. Ukikuta posti usizozijua, barua pepe iliyobadilishwa au kifaa kigeni kwenye orodha ya walioingia, pita njia ya akaunti iliyodukuliwa. Rufaa ya maudhui itakuuliza kwa nini uliweka kitu ambacho hukukiweka.

Siku hizohizo watajitokeza watu kwenye sehemu ya maoni wakidai wana rafiki ndani ya kampuni anayerudisha akaunti kwa malipo. Watataka pesa kwanza, kisha nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako. Nambari hiyo ndiyo funguo ya akaunti zako nyingine, na hakuna mkaguzi wa kweli anayeiomba kwa ujumbe.

Wakati rufaa inasubiri, tafuta kitufe cha kupakua taarifa zako. Mara nyingi hubaki wazi hata akaunti ikiwa imesimamishwa. Pakua kila kitu, hifadhi mahali pawili, kimojawapo kisiwe simu hiyo hiyo. Kisha hakikisha ukurasa au kundi unalolisimamia lina msimamizi wa pili mwenye mamlaka kamili, kwani akaunti ya msimamizi pekee ikianguka, kundi lote hubaki bila mwenye funguo.